Kutafuta Wazee wa Ukoo katika Sensa na Magazeti ya Zamani

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa kata, chini ya mada ya kumbukumbu za familia na huduma za usajili



Karibu kila kijiji kilichopakana na mashamba ya mkonge katika Mkoa wa Tanga kina kaburi ambalo aliyelala ndani yake anajulikana kwa jina moja tu. Wajukuu wanaelewa kwamba alitoka bara akiwa kijana, akafanya kazi ya kukata mkonge, akaoa hapa na kupata watoto hapa. Kambini watu walimwita Mrundi, naye akaitika hivyo mpaka alipofariki. Jina la baba yake halikuandikwa na mtu, na aliyewahi kulisikia huenda naye ametangulia mbele ya haki.

Kwa miaka mingi pengo hilo haliisumbui familia. Huja kuonekana siku ya kikao cha ukoo, pale muhtasari unapotakiwa ili kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na mwandishi akauliza ndugu wa marehemu ni akina nani na wako wapi. Huonekana pia kijana anapojaza fomu ya maombi ya Kitambulisho cha Taifa na kukuta maswali kuhusu wazazi wake na mahali walikozaliwa. Huonekana zaidi wakati wa posa, wazee wa pande mbili wanapotaka kujiridhisha kwamba wanaotaka kuoana si damu moja. Hapo wazee hutazamana, na kila mmoja humtarajia mwenzake aseme.

Mazungumzo haya yanahusu namna ya kujaza pengo hilo. Yanaeleza ni kitu gani sensa za zamani zinaweza kumpa mwananchi na ni kitu gani haziwezi, magazeti ya zamani yanasaidia vipi, na karatasi gani ndogo za nyumbani zina uzito kuliko zinavyodhaniwa. Mwisho yanaeleza wajibu wa kizazi cha leo kwa wajukuu watakaokuja kuuliza maswali yaleyale.

Sensa inahesabu watu, haitoi majina yao

Wengi wamesikia kwamba katika nchi za ng'ambo mtu hufungua sensa ya zamani akamkuta babu wa babu yake, pamoja na umri, kazi na majina ya watoto wake. Habari hiyo ni ya kweli kwa nchi hizo. Uingereza hufungua madodoso ya sensa baada ya miaka 100 kupita, na yale ya mwaka 1921 yalifunguliwa Januari 2022. Marekani husubiri miaka 72, na madodoso ya mwaka 1950 yalifunguliwa Aprili 2022. Hata huko bahati si ya kila mtu: madodoso ya Marekani ya mwaka 1890 yaliharibiwa kwa sehemu kubwa na moto wa mwaka 1921, na yale ya England na Wales ya mwaka 1931 yaliteketea mwaka 1942.

Hapa nchini hali ni tofauti. Utawala wa Wajerumani ulifanya hesabu ya watu mwaka 1913, na Waingereza wakafanya yao mwaka 1921, 1931, 1948 na 1957. Hesabu za mwanzo zilitegemea sana taarifa za majumbe na orodha za walipa kodi. Ile ya mwaka 1948 ndiyo ya kwanza kupangwa kitaalamu katika nchi za Afrika Mashariki. Baada ya Uhuru, sensa ya kwanza ilifanyika Agosti 1967, ikakuta watu 12,313,469. Zikafuata za mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na hii ya mwisho ilikuta watu 61,741,120.

Katika takwimu hizo zote, kinachochapishwa ni jumla: watu wa wilaya, wanaume na wanawake, umri, elimu na kazi. Taarifa ya mtu mmoja mmoja ni siri, na siri hiyo inalindwa na Sheria ya Takwimu. Karani wa sensa anapomhakikishia mwananchi kwamba majibu yake hayatatolewa kwa mtu mwingine, ahadi hiyo ina nguvu ya sheria. Kwa hiyo mwananchi asitumie nauli kwenda kuomba dodoso la sensa lenye jina la babu yake. Hatalipata.

Hata hivyo sensa za zamani zina manufaa kwa mtafuta ukoo, akijua cha kuangalia. Kuna mambo matatu.

La kwanza ni kabila. Taarifa za sensa za mwaka 1948, 1957 na 1967 zilionyesha idadi ya watu kwa makabila. Baada ya sensa ya mwaka 1967 swali la kabila liliondolewa. Familia iliyoambiwa kwamba babu alikuwa Mrundi inaweza kupitia majedwali hayo ikaona ni watu wa makabila gani kutoka magharibi walihesabiwa katika wilaya hii miaka ambayo babu alikuwa kambini. Jedwali halitamtaja babu, lakini litapunguza uwanja wa kutafuta. Katika mashamba ya mkonge majina ya makabila yalitolewa kwa wepesi: Waha wengi waliotoka upande wa Kigoma waliitwa Warundi, na Wamakonde waliotoka Msumbiji waliitwa Wamawia. Jina alilopewa mtu kambini lisichukuliwe moja kwa moja kuwa kabila lake.

La pili ni majina ya mahali. Kati ya sensa ya mwaka 1967 na ile ya mwaka 1978 ilipita Operesheni Vijiji, iliyohamisha mamilioni ya watu na kuwaweka katika vijiji vipya. Kitongoji anachokikumbuka bibi huenda kilikuwapo kabla ya operesheni na baadaye kikafutika kwenye orodha. Kutokipata jina hilo kwenye ramani ya leo hakuna maana kwamba bibi amesahau.

La tatu ni namna ya kukadiria umri. Makarani wa sensa, walipokutana na mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa, walitumia orodha ya matukio: mzee alikuwa na umri gani wakati wa tukio fulani, alikuwa ameshaoa, alikuwa ameanza kuchunga? Njia hiyo inaweza kutumika nyumbani. Matukio yanayofaa ni Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambayo wazee huyakumbuka kwa habari za nyuki walioshambulia askari. Uhuru wa mwaka 1961. Azimio la Arusha la mwaka 1967. Na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Bibi anayesema, "Baba yenu alikuwa anatambaa bendera ilipopandishwa," ametaja mwaka bila kutumia tarakimu.

Magazeti yanataja majina

Pale sensa inapoishia na jumla, gazeti huanza na mtu. Magazeti ya Kiswahili yana umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani, na baadhi yalizaliwa katika mkoa huu. Wamisionari wa UMCA walichapisha Habari za Mwezi huko Magila katika miaka ya 1890. Gazeti la Kiongozi lilichapishwa na shule ya serikali ya Tanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye, mwaka 1923, serikali ya Waingereza ilianzisha Mamboleo, na mwaka 1937 Erica Fiah akaanzisha Kwetu mjini Dar es Salaam, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Ngurumo lilianza mwaka 1959.

Manufaa ya magazeti hayo yamo katika kurasa za ndani. Waalimu, makarani na wasomaji wa wilayani waliandika barua kueleza nani amehamishwa, nani amefariki, nani amepewa ujumbe, mvua imenyesha vipi na nzige wamepita wapi. Washairi walijibizana kwa majina yao na mahali walipokaa. Familia yenye babu aliyekuwa mwalimu, karani, akida, jumbe, mpishi wa misheni au mtunga mashairi ina nafasi nzuri ya kumwona humo.

Kwa mkata mkonge, ni vyema kusema ukweli: jina lake huonekana kwa nadra. Lakini gazeti laweza kueleza mambo yaliyomzunguka, kama vile mwaka wa njaa uliomfanya aondoke kwao. Hayo nayo ni sehemu ya habari zake.

Anayekwenda kusoma magazeti ya zamani asiende bila mwaka na mahali. Bila hayo atafungua kurasa wiki nzima na kurudi mikono mitupu. Akumbuke pia kwamba majina yaliandikwa kwa namna nyingi. Abubakari aliweza kuandikwa Bakari. Herufi l na r zilibadilishana. Mtu aliyebatizwa au kusilimu aliacha jina la kwanza. Mahali nako kulikuwa na majina mengine: katika karatasi za wakati wa Mjerumani, Lushoto iliitwa Wilhelmstal, na Bujumbura iliitwa Usumbura. Mtafutaji aandike kwanza orodha ya namna zote ambazo jina lingeweza kuandikwa, kisha ndipo aanze kusoma.

Magazeti hayo yanapatikana wapi? Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko maalumu wa maandiko ya Afrika Mashariki, yakiwamo magazeti. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyoko Upanga, Dar es Salaam, inatunza nyaraka za utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Miongoni mwake ni vitabu vya wilaya, ambamo wakuu wa wilaya wa wakati huo waliandika historia za makabila, koo za watawala na majina ya majumbe. Chini ya Sheria ya mwaka 2002, kumbukumbu za umma zilizotimiza miaka 30 huweza kusomwa na wananchi kwa utaratibu uliowekwa. Kwa familia zenye asili ya Unguja na Pemba, nyaraka zipo katika hifadhi ya Zanzibar iliyoko Kilimani.

Karatasi ndogo ndani ya sanduku

Kabla ya safari ya Dar es Salaam, ipo safari fupi zaidi, ya kufika kwenye sanduku la bibi. Mfanyakazi wa mkonge alipewa kipande, kadi iliyowekwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi. Wale walioandikishwa mbali na kuletwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwaandikisha ilifanywa kwa kiasi kikubwa na SILABU, wakala ulioanzishwa na wenye mashamba. Namba ilitosha kumlipa mtu mshahara, lakini haikutosha kumrudisha kwao. Hata hivyo, mahali fulani kando ya namba hiyo palikuwa na jina, na mara nyingine wilaya aliyotoka.

Stakabadhi za kodi nazo zina thamani. Kodi ya nyumba na kodi ya kichwa zilitozwa kwa miaka mingi, na mtu alitunza risiti yake kwa hofu ya kukamatwa. Risiti iliyokunjwa mara nne na kufungwa kwenye kitambaa inaweza kuwa karatasi pekee yenye jina la babu lililoandikwa akiwa hai.

Upande wa dini, makanisa yana madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi, na mara nyingi majina ya wazazi na wasimamizi huandikwa humo. Kwa familia za Kiislamu, zipo hati za ndoa na mirathi zilizopita kwa kadhi au kwa liwali, na baadhi ya familia za pwani zina desturi ya kuandika tarehe za kuzaliwa watoto kwenye kurasa za mwanzo za msahafu au kitabu cha dua. Shule za zamani nazo zina rejesta za wanafunzi.

Kuna ushahidi mwingine usioandikwa, nao ni utani. Katika mazishi, watani ndio wenye ruhusa ya kufanya mzaha na kudai vitu vya marehemu. Familia ijiulize: babu alipozikwa, ni watu gani waliokuja na kusema, "Huyu ni mtani wetu"? Watani hawachaguliwi kwa bahati. Uhusiano huo ulitokana na vita, majirani na misafara ya zamani, na kila kabila lina watani wake. Jibu la swali hilo linaweza kusahihisha jina la kabila lililotolewa kambini.

Utaratibu wa kufuata

Turudi kwa familia ya kaburi lenye jina moja. Hatua ya kwanza ni kuketi na mzee aliyebaki, wala si kwa siku moja. Aulizwe kwa upole, na majibu yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na jina lake na tarehe ya mazungumzo. Kama ana simu karibu, sauti yake irekodiwe kwa idhini yake. Asikatizwe kwa kusahihishwa.

Hatua ya pili ni kukusanya karatasi zote za nyumbani na kuzipiga picha bila kuzibandika gundi wala kuzipaka plastiki. Tuseme ndani ya sanduku kinapatikana kipande chenye jina ambalo hakuna anayelijua, pamoja na neno Kasulu. Jina hilo huenda ni la babu kabla hajabadili jina, na Kasulu ni wilaya ya Waha. Habari ya Mrundi inaanza kuonekana kwa sura nyingine.

Hatua ya tatu ni kulinganisha. Jedwali la sensa ya mwaka 1957 linaonyesha kama Waha walihesabiwa katika wilaya hii. Bibi anasema mtoto wa kwanza alizaliwa miaka michache kabla ya Uhuru. Jirani wa zamani anakumbuka kwamba babu na wenzake wawili walikuwa na lugha yao. Ushahidi mmoja ukisimama peke yake usiaminiwe sana. Mitatu inayokubaliana ina uzito. Gazeti huweza kukosea, karani huweza kusikia vibaya, na mzee huweza kuficha jambo kwa sababu zake.

Hatua ya nne ni kuandika barua. Familia inaweza kuiandikia ofisi ya kijiji au kata ya kule ilikoelekezwa, ikaeleza jina, makadirio ya mwaka wa kuondoka na majina ya wenzake. Barua ipitie kwa Mtendaji wa Kata wa hapa ili ipate utambulisho. Huenda isijibiwe. Huenda ikasomwa kwenye mkutano, na mzee mmoja akasimama akasema kwamba kaka wa baba yake aliondoka kwenda Tanga na hakurudi. Kule nako kuna familia iliyobaki na pengo kwa miaka hiyohiyo.

Wajibu wa kizazi cha leo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao hupotea hivyohivyo. Katika utawala wa kikoloni usajili wa vizazi na vifo ulikuwa lazima kwa Wazungu na Waasia, huku Waafrika walio wengi wakizaliwa na kufa bila kuandikwa. Babu wa kambini hakuandikwa kwa sababu utawala haukuona haja ya kumwandika. Mtoto wa leo asipoandikwa, sababu hiyo haipo tena.

Kwa mujibu wa sheria, kizazi kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku 90, na kifo ndani ya siku 30. Usajili unasimamiwa na RITA. Kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, pale mpango wa usajili ulipoanza, cheti hutolewa bila malipo katika ofisi ya Mtendaji wa Kata na katika vituo vya kutolea huduma za afya. Mtu mzima asiye na cheti anaweza kuomba kwa kufuata taratibu za ofisi ya msajili wa wilaya, akiwa na vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule. Kifo kilichotokea nyumbani kisajiliwe pia, hata kama marehemu hakuacha mali. Cheti cha kifo ndicho kitakachodaiwa mahakamani katika shauri la mirathi, na miaka 60 ijayo ndicho kitakachomwambia kitukuu kwamba mtu huyu alikuwapo.

Daftari la wakazi katika ofisi ya kijiji ni kumbukumbu ya namna hiyohiyo. Anayehamia aripoti, anayehama aage. Majina yaandikwe kamili, yakiwa matatu, pamoja na mahali mtu alikotoka. Watendaji nao hawana ruhusa ya kuchoma au kutupa madaftari ya zamani kwa kuona yamejaa au yameliwa na mchwa. Daftari kuukuu lipelekwe masjala ya Halmashauri lipate kuhifadhiwa kwa utaratibu.

Jambo la mwisho ni la kufanywa jioni hii hii, nalo halihitaji nauli wala fomu. Kila familia ichukue daftari la shule, iandike majina ya watoto, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, na mahali kila mmoja alikozaliwa na alikozikwa. Palipo na asiyejulikana, nafasi yake iachwe wazi, isijazwe kwa kubahatisha. Kisha aitwe mzee wa nyumba hiyo, asomewe, aulizwe nafasi zile zilizo wazi. Katika kata hii bado wapo wazee waliokata mkonge pamoja na manamba, waliokula nao na kuwazika. Wanayajua majina mengi ambayo hayamo katika sensa wala gazeti lolote, na hawatakuwapo siku zote.